Fowili Bila Loki ya Difu ni Hadithi Nusu

Wale mliozoea kusoma hapa mambo ya programu na kompyuta mtaniwia radhi, maana leo nataka tuongee kuhusu pikapu. Lakini msikimbie! Mbele kidogo tutarudi kwa programu, kwa sababu siku hizi pikapu nyingi zina kompyuta inayoamua gurudumu lipi lizuiwe na lipi livute, na mimi kama mtu ninayekula kwa jasho la kuandika programu nina maoni yangu kuhusu kompyuta hiyo.

Hoja yangu naiweka mapema. Wengi wetu Kenya tunaponunua pikapu ya kupita njia mbaya, tunalipia kitu kisicho muhimu zaidi. Tunalipia maandishi ya 4x4 yaliyobandikwa ubavuni. Tunalipia tairi pana, bampa la chuma, na ile snokeli inayopanda hadi juu ya paa kana kwamba kila Jumatatu tunavuka Mto Tana. Muulize mwenye gari kama difu yake ya nyuma ina loki au haina, atakuangalia kama umemuuliza jina la babu yake fundi. Na kumbe hilo ndilo swali ambalo lingepaswa kutangulia kabla hata ya bei.

Usidhani haya ni maneno ya vijana wa kuchezea magari wikendi. Kuna mtu wa maziwa kule Kinangop ambaye akichelewa saa tatu maziwa yameharibika. Kuna daktari wa mifugo, kuna mwalimu anayebeba mitihani, kuna mama mjamzito anayelazwa nyuma ya pikapu usiku kwa sababu ambulansi haifiki kijijini kwao. Hao wote wanaambiwa "usijali, gari ni fowili", halafu linakwama mahali ambapo trekta kuukuu ya jirani inapita bila wasiwasi. Kwa nini? Tuingie chini ya gari tuone.

Kazi ya difu

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Wengine hudhani ni la kuongeza nguvu tu. Kazi yake kubwa ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti.

Kwa nini mwendo tofauti? Kwa sababu ya kona. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Chukua pikapu ambayo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.5. Ukikata kona ya digrii 90, gurudumu la nje litasafiri takriban mita 2.4 zaidi ya la ndani, iwe kona ni kali au ni pana. Kama magurudumu hayo yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburutwa. Kwenye lami kavu ungesikia tairi zikilia, usukani ungekuwa mzito, na vyuma vya ndani vingelipa gharama.

Tatizo hili lilitatuliwa kabla ya gari la petroli kuwepo. Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya difu ya gari la mvuke miaka ya 1820. Mpangilio ule wa gia ndogo zinazobingirika kati ya gia mbili za pembeni bado ndio uliomo ndani ya pikapu nyingi leo. Kama kungekuwa na programu iliyofanya kazi karibu miaka 200 bila kuandikwa upya, sisi waandishi wa programu tungeijengea sanamu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu kila kitu kingine kinatokana na sheria mbili za difu ya kawaida, yaani difu isiyo na loki. Sheria ya kwanza: mwendo wa magurudumu mawili, ukitafuta wastani wake, ni sawa na mwendo wa difu yenyewe. Moja likipunguza, jingine linaongeza. Sheria ya pili: nguvu ya kuzungusha inayokwenda kushoto ni sawa na inayokwenda kulia. Daima.

Sheria hiyo ya pili ndiyo yenye sumu. Watu wengi husema "difu hupeleka nguvu zote kwa gurudumu linaloteleza". Si kweli. Linaloteleza hupelekewa mwendo wote. Nguvu zinagawanywa sawasawa, ila kiwango kinawekwa na yule mnyonge.

Fikiria kapi kama lile la kisimani, na kamba imepitishwa ndani yake. Watu wawili wameshika ncha mbili za kamba, na wewe unavuta kapi kuja kwako. Wote wakisimama imara, unawavuta wote wawili. Mmoja akiwa amesimama kwenye sabuni, kamba inakimbilia upande wake, na yule mwingine hata akiwa na miguu ya ndovu hahisi mvuto wowote. Nguvu zake zipo, ardhi yake ni nzuri, lakini kamba haikazi. Difu ni hilo kapi.

Hesabu ya matope

Tuweke namba, maana bila namba tutabishana hadi kesho. Nitatumia kilo badala ya newtoni ili fundi na mkulima tuelewane.

Tuseme pikapu yako pamoja na mzigo ina kilo 2,000, na kila gurudumu limebeba kilo 500. Uko kwenye njia ya shamba baada ya mvua. Magurudumu ya kushoto yamekanyaga nyasi na udongo mgumu, kila moja linaweza kusukuma kwa kilo 300 kabla ya kuteleza. Ya kulia yako kwenye mfereji wa matope laini, kila moja linaweza kusukuma kwa kilo 50 tu.

Njia inapanda mita 1 kwa kila mita 10. Kupandisha gari tu kunahitaji takriban kilo 200 za msukumo. Matope nayo yanazuia magurudumu, tuseme kilo nyingine 200. Jumla unahitaji 400 ili usonge. Haya basi, tuone nani atapita:

- Pikapu ya kuvuta nyuma tu, difu ya kawaida: 50 + 50 = kilo 100.
- Pikapu ya fowili, difu zote za kawaida: 100 nyuma, 100 mbele = kilo 200.
- Pikapu ya kuvuta nyuma tu, lakini yenye loki ya nyuma: 300 + 50 = kilo 350.
- Fowili yenye loki ya nyuma: 350 nyuma, 100 mbele = kilo 450.
- Fowili yenye loki nyuma na mbele: 350 + 350 = kilo 700.

Soma tena mstari wa pili na wa tatu. Katika njia hii, gari lisilo fowili lakini lenye loki lina msukumo kuliko fowili uliyoilipia pesa nyingi! Na anayefika juu ya kilima ni yule mwenye fowili pamoja na loki ya nyuma. Yule mwenye fowili tupu ameachwa chini, injini inanguruma, magurudumu mawili ya kulia yanarusha matope na mawili ya kushoto yametulia kwenye nyasi nzuri yakitazama.

Nisije nikadanganya kwa upande mwingine. Kama ardhi ni sawa kushoto na kulia, mfano mchanga tupu wa laga kule Turkana, loki haitaongeza mengi, na hapo fowili ndiyo mfalme, pamoja na kupunguza upepo wa tairi. Loki haiumbi mshiko ambao haupo, inakuruhusu tu kutumia ulio nao. Tairi zilizoisha meno kwenye udongo mweusi wa Kitengela hazitaokolewa na loki yoyote duniani. Lakini njia zetu nyingi mbaya si sawa kushoto na kulia. Zina mfereji uliochimbwa na maji upande mmoja, zina alama za lori, zina jiwe hapa na shimo pale.

Kuna hali nyingine mbaya zaidi. Unavuka korongo kwa mshazari, gurudumu la mbele kushoto linainuka na la nyuma kulia linaning'inia. Pikapu nyingi hapa kwetu, mfano Hilux na D-Max nyingi za fowili, ukiweka fowili zinaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kama chuma kimoja. Ni vizuri, lakini kila ekseli bado ina difu yake. Mbele, mnyonge yuko hewani na mshiko wake ni sifuri. Nyuma vilevile. Sifuri mara mbili ni sifuri, na sifuri jumlisha sifuri unajua mwenyewe. Una magurudumu mawili yaliyokanyaga mwamba mkavu, na gari haliendi popote.

Kwenye magari ambayo ni fowili wakati wote, kama Land Rover Defender za zamani, kuna difu ya tatu katikati. Hiyo isipofungwa, gurudumu moja tu likining'inia linaweza kuyanyima yote manne. Ndiyo maana Defender hizo zina loki ya difu ya katikati. Kumbuka lakini kwamba loki ya katikati si loki ya ekseli. Wauzaji wengine huzichanganya hizi mbili, kwa kutojua au kwa makusudi.

Dawa zilizopo

Dawa ya kwanza ni difu ambayo mafundi huiita LSD. Ndani yake mara nyingi mna sahani zinazobanana kama klachi na kupunguza tofauti ya mwendo kati ya magurudumu mawili. Inasaidia, lakini kwa kiasi, na sahani zikiisha umerudi kwenye difu ya kawaida bila kujua. Iko pia aina ya gia tupu, maarufu kwa jina la Torsen, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman. Hii inampa mwenye mshiko nguvu mara kadhaa ya zile za mnyonge. Uzuri wake ni mkubwa, ila ni kuzidisha, na mnyonge akiwa hewani kabisa, sifuri mara tatu bado ni sifuri. Magari ya kijeshi ya Marekani ya Humvee yana difu za namna hii, na madereva wake hufundishwa kukanyaga breki kidogo huku wakitoa mafuta, ili yule wa hewani apate upinzani wa kuzidishwa.

Hapo ndipo palipotoka ile hekima ya mtaani: "Ukikwama, vuta hendibreki kidogo halafu toa mafuta." Kwa Torsen ina maana. Kwa difu ya kawaida, piga hesabu. Breki ikibana kilo 100 kila upande, mnyonge wa 50 sasa ana upinzani wa 150, kwa hiyo difu inapeleka 150 pia kwa mwenye nguvu. Safi! Lakini breki ya mwenye nguvu nayo imekula 100 zake. Kinachofika ardhini kwake ni 50 zilezile za mwanzo. Hujapata kitu ila breki za moto. Ili ipate kazi, breki lazima ibane upande mmoja tu.

Wakulima wanajua hili zamani. Angalia trekta nyingi za shambani: zina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, na nyingi zina pedali ya kufunga difu kwa kisigino. Hiyo ndiyo siri ya trekta ya jirani niliyoitaja juu. Malori ya mizigo na ya ujenzi nayo mengi yana swichi ya loki. Sisi wenye pikapu ndio tuliouziwa stika.

Dawa ya pili ndiyo loki yenyewe. Unabonyeza swichi, mota ya umeme au hewa ya kompresa inasukuma meno ya chuma, na magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. Baadhi ya pikapu hutoka kiwandani zikiwa nayo nyuma, na Toyota imeuza Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye loki mbele na nyuma, ingawa si zote. Wengine hufunga baadaye, kama zile loki za hewa za ARB ya Australia.

Dawa ya tatu ni kompyuta, na hapa ndipo nilitaka tufike.

Chuma na programu

Vihisi vilevile vya ABS vinahesabu mizunguko ya kila gurudumu. Programu inalinganisha. Ikiona moja linakimbia kuliko wenzake, inaamuru breki ya hilo pekee ibane. Difu haina akili ya kutofautisha breki na ardhi, inahisi tu kwamba upande huo sasa una upinzani, na kwa sheria ile ya pili inapeleka nguvu sawa upande wa pili. Ni zile pedali mbili za trekta, ila anayekanyaga ni kompyuta.

Kazi nzuri sana hii, siidharau. Kwa mfano wetu, breki ikibana mnyonge kwa 200, mwenye nguvu anapata 250 na ekseli nzima inasukuma 300. Ikifanya hivyo mbele na nyuma una 600, kuliko loki ya nyuma peke yake! Tena usukani unabaki mwepesi, na dereva hahitaji kujua lolote.

Sasa mbona bado naipigia debe loki? Sababu ya kwanza: programu hii ni ya kungoja kosa litokee. Lazima gurudumu lianze kuteleza ndipo ihisi, ihesabu, ibane. Kwenye mwamba, sawa. Kwenye matope laini, mzunguko ule mmoja wa bure umeshachimba shimo na kujaza meno ya tairi. Waandishi wa programu wenzangu mnajua tofauti kati ya kunasa hitilafu baada ya kutokea na kuandika kazi ili hitilafu isiweze kutokea kabisa. Loki ni hiyo ya pili. Magurudumu hayawezi kuachana mwendo, basi.

Sababu ya pili: nguvu zinazoliwa na breki zinageuka joto. Mlima mrefu wa matope, dakika baada ya dakika, breki zinachemka, na katika magari mengi programu itajizima ili kuziokoa. Inajizima lini? Pale unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Sababu ya tatu: programu si moja. Ile iliyotungwa kwa ajili ya lami, ikiona kuteleza, hupunguza nguvu ya injini. Mjini ni usalama. Mchangani ni kukwama, kwa maana unatoa mafuta na gari linakukatalia. Ndiyo maana madereva wa jangwani huizima. Lakini mnunuzi anaambiwa tu "gari lina kila kitu", haambiwi ni programu ipi.

Sababu ya nne ni ya huku kwetu. Kihisi kimoja kikijaa matope au waya wake ukikatwa na jiwe, taa zinawaka na huduma yote inaweza kuzimika. Loki nayo ina mota na waya, nakubali, lakini ni kitu kimoja, na fundi mwenye spana na mita ya umeme anaweza kukifuatilia hadi mwisho.

Kwa hiyo ukiniuliza, mpangilio bora wa pikapu ya kazi ni loki nyuma na programu ya breki mbele, maana mbele ndiko tunakotaka usukani ubaki huru. Angalia lakini: kwenye baadhi ya gari, ukiwasha loki ya nyuma programu inajizima kwa magurudumu yote. Kama ni lazima nichague moja kwa mtu wa kijijini, nitachagua loki.

Majibu kwa wanaobisha

"Dereva mzuri hahitaji loki, anapita kwa kasi." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Kasi ndiyo njia ya asiye na mshiko: unarudi nyuma, unapiga resi, unaruka matopeni ukiomba Mungu. Nyuma mmekaa watu, kuna kreti za maziwa, kuna mgonjwa. Rejeta na springi zinavunjika hivyo. Tena gurudumu linalozunguka bure linachimba shimo ambalo mwenzako wa baiskeli au bodaboda atalikuta kesho. Mwenye loki anapita polepole kama mtu anayekwenda kanisani. Yaangalie hata mashindano ya Rhino Charge, yanayofanyika hapa Kenya tangu 1989: kinachopimwa ni umbali mfupi zaidi kati ya vituo. Kasi haihesabiwi.

"Loki inavunja hafu-shafti." Inaweza. Gurudumu moja likishika na jingine likiwa hewani, nguvu zote za ekseli zinapita kwenye chuma kimoja. Lakini kinachovunja kwa kawaida ni mguu mzito, au kuwasha loki wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Simama kwanza, washa, songa taratibu hadi taa iache kupepesa, kisha pita.

"Loki ni hatari." Ikitumiwa vibaya, ndiyo. Kwenye lami iwe imezimwa, kila wakati. Kwenye kona gari litataka kwenda moja kwa moja. Kwenye mteremko wa ubavuni wenye utelezi uwe mwangalifu kuliko kawaida, kwa sababu difu ya kawaida huacha gurudumu moja limetulia likishikilia mkia wa gari, lakini loki ikiwa imefungwa yote mawili yanaweza kuteleza pamoja na mkia ukashuka bondeni. Hata fowili yenyewe isiyo na difu ya katikati isitumiwe kwenye lami kavu. Loki iwashwe kabla ya kizuizi, izimwe mara baada yake.

Kabla hujatoa pesa

Kenya gari la mtumba linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka 8, lakini miaka 8 inatosha kabisa loki kufa kwa kutotumiwa. Swichi kuwepo si ushahidi. Pikapu mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani ya difu. Jipimie mwenyewe, uwanja ukiwa tambarare:

Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua ekseli ya nyuma, ikalie stendi imara, usiiache kwenye jeki tupu, na usiingie chini. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya kwanza na uache fowili ikiwa imetolewa. Zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La upande wa pili likizunguka kinyume kwa wepesi, hiyo ni difu ya kawaida. Likiwa gumu sana, huenda ni LSD. Sasa, kama kuna swichi ya loki, fungua ufunguo bila kuwasha injini, weka loki, zungusha tena. Lazima gurudumu lisogee kidogo tu kisha ligome kabisa. Lisipogoma, unauziwa swichi. Ila katika baadhi ya gari loki haiingii mpaka uweke fowili ya chini, na zile za hewa zinahitaji kompresa ijaze kwanza, kwa hiyo soma kitabu cha gari kabla ya kugombana na muuzaji.

Ukishainunua, iwashe loki angalau mara moja kwa mwezi kwenye udongo, mita chache tu ukienda moja kwa moja, ili mota isigande kwa maji na kutu. Funga tairi zenye meno. Beba kipimo cha upepo. Haya ya mwisho ni ya bei nafuu, na yanashinda bampa la chuma mara kumi.

Na ninyi mnaouza magari, mnaandika kwenye matangazo hadi idadi ya spika za redio. Andikeni basi na mstari mmoja wa difu: ya kawaida, LSD, au loki, na kama inafanya kazi. Mnunuzi atakayejua hilo hataki tena kuhesabiwa magurudumu. Atainama, atashika tairi la nyuma, na atalizungusha mwenyewe.

Basi kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo tunarudi kwa programu zetu, panapo majaliwa.